Juu ya Mapambo ya Arusi na Kazi ya Mikono



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, maana ni habari ya mikeka na vitambaa, vyungu na maua. Walakini jambo hili limetusumbua moyo muda wa miezi mingi, nasi twadhani ya kuwa limewasumbua wengine pia, hasa wazee wa kanisa na walimu ambao huitwa kushauri watu wakati wa arusi. Swali lenyewe ni hili: kitu kilichofanywa kwa mkono wa mtu ili kupamba arusi au nyumba, je, kina wema wo wote ambao kitu cha kununuliwa au cha kukodiwa hakina? Au ni mazoea ya wazee tu, nayo yatupasa kuyaacha kama tulivyoacha mengine?

Twaanza na habari iliyotuletea swali hili, kwa sababu halikuzaliwa katika kitabu.

Baada ya mavuno ya kahawa palikuwa na arusi katika mtaa mmoja wa huku Iyula. Majina hatutayataja, kwa kuwa wenyewe wako hai, wala hatukuwaomba ruhusa. Karibu na nyumba ya bibi arusi akaa mjane mmoja mzee, ambaye kila mtu humwita Bibi. Naye ndiye aliyempokea binti huyo mikononi mwake usiku aliozaliwa. Posa ilipokubaliwa, Bibi alituma kuletewa ukindu kutoka mabondeni. Akauanika, akauchana, akauchemsha katika rangi, nyekundu na zambarau, akaanza kusuka ukili. Anayejua kazi hii ajua ya kuwa ukili ni mwembamba kama upana wa kiganja, nao husukwa mpaka uwe mrefu kama njia, ndipo hushonwa ukingo kwa ukingo hata mkeka utokee. Macho ya Bibi hayaoni vema tena. Mjukuu wake alimtungia sindano jioni kwa jioni, naye akashona kwa kupapasa. Kazi ile ilimchukua zaidi ya miezi miwili. Nia yake ilikuwa mkeka huo utandikwe mbele ya madhabahu, ili bwana na bibi arusi wapige magoti juu yake wakati wa kubarikiwa; maana alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa mama yake bibi arusi, miaka mingi iliyopita.

Siku ya arusi ilipofika, kamati ilikuwa imekwisha kukodi mpambaji kutoka mjini. Akaja na gari lenye vitambaa vyeupe na vya rangi ya dhahabu, maua ya plastiki, taa ndogo ndogo za kumetameta, na zulia jekundu. Asubuhi mjukuu akaja amejitwika mkeka. Mmoja wa watu wa kamati akautazama, akasema kwa upole kwamba rangi zake haziendani na rangi za sherehe. Ukachukuliwa, ukawekwa katika chumba cha nyuma pamoja na majembe na mifagio ya kanisa.

Nasi tulikuwapo. Tuliona kwa macho yetu, tukasema moyoni ya kwamba si kazi ya mchungaji kubishana na kamati juu ya mazulia; tukaenda kuvaa joho, tukaongoza ibada, tukawabariki wale vijana juu ya zulia la kukodi. Neno hili twaliandika ili msomaji asidhani ya kuwa twawahukumu watu kutoka mbali. Bibi alikuwa ameketi benchi la tatu, akitazama chini mahali walipopiga magoti.

Jioni ile ile gari lilirudi, likapakia vitambaa na maua na taa, likaenda zake. Na juma lililofuata baba yake bibi arusi akaja kwetu kutaka shauri juu ya deni. Michango ya jamaa haikutosha. Hivyo alikuwa amekopa, naye aliweka rehani kahawa ya msimu ujao, ambayo miti yake ilikuwa haijachanua bado.

Basi, tangu siku hizo tumekuwa tukilifikiri jambo hili. Nasi twaona ni vema kusikiliza kwanza maneno ya watu mbalimbali, kwa kuwa kila mmoja ana sehemu ya kweli.

Wako wanaosema ya kuwa mapambo yote ni ubatili, ya mkono na ya duka sawasawa. Hawa hukumbuka maonyo ya Mtume Petro kwa wanawake, kwamba uzuri wao usiwe wa kusuka nywele na kuvaa dhahabu, bali wa utu wa moyoni. Hukumbuka pia ya kuwa Bwana wetu aliyasifu maua ya kondeni kuliko mavazi ya Sulemani. Twakubali ya kuwa onyo hilo latupasa sote. Lakini Maandiko hayaishii hapo. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho wake ili afanye kazi ya ufundi kwa dhahabu na fedha na shaba, na kuchonga mawe na miti. Mtu huyu hakuwa nabii wala mfalme. Alikuwa fundi, naye alipewa Roho kwa ajili ya kupamba. Na pamoja naye wanawake wenye mioyo ya hekima walisokota nyuzi kwa mikono yao wenyewe, wakazileta. Tena, Petro yule yule aliyewaonya wanawake juu ya dhahabu alisimama Yafa katika chumba cha Dorkasi aliyekufa, na wajane wakamzunguka wakilia, wakimwonyesha nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Hatusomi ya kuwa aliwakemea, wala hao hawakumwambia bei ya zile nguo. Walimwonyesha tu, na nguo zenyewe zikasema.

Katika historia ya Kanisa letu jambo hili limewahi kupimwa. Mwanzo wa mwaka 1522, Martin Luther alipokuwa angali amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuziondoa picha na sanamu makanisani kwa nguvu, wakidhani ya kuwa ukuta mtupu ndio utakatifu. Mwezi wa Machi akarudi, akahubiri siku nane mfululizo. Aliwafundisha ya kwamba mambo ya namna hii Mungu ameyaacha katika uhuru wetu, na kwamba aliye huru hana ruhusa ya kumponda ndugu aliye dhaifu kwa uhuru wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1525, yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora. Na mmoja wa mashahidi wa ndoa ile alikuwa Lucas Cranach, mchoraji wa picha. Basi hatuwezi kusema ya kuwa uzuri ni dhambi. Twaweza kusema tu ya kuwa uzuri ni mtumishi, na mtumishi huulizwa amtumikia nani.

Wengine husema neno jingine, na hawa ni wengi zaidi siku hizi, hasa vijana waliosoma. Husema: Kitu ni kitu. Zulia lafunika sakafu, mkeka wafunika sakafu. Tofauti ni bei na rangi tu. Tena fedha nayo ni kazi ya mikono, maana baba aliyelipa alichuma kahawa kwa vidole vyake, punje kwa punje, katika baridi ya asubuhi. Kwa nini mkono uliosuka uheshimiwe, na mkono uliochuma usiheshimiwe?

Hilo ni neno zito, nasi tulikaa nalo siku nyingi. Twakiri ya kuwa ni kweli kwa sehemu kubwa. Kununua si aibu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hata soko la Matema, na kutoka hapo hufika Tukuyu na Mbeya. Wanawake wa Kihehe huko Iringa husuka vikapu vya milulu ambavyo vimesifika hata nchi za ng'ambo. Kofia za viua zinazovaliwa Unguja na Lamu hushonwa tundu kwa tundu, nazo huchukua majuma mengi. Je, anunuaye chungu cha Mkisi ili kutia maua ya arusi ametenda vibaya? Hasha! Amenunua kazi ya mtu, naye mfinyanzi amepata ada ya watoto wake. Wala hatumdharau mpambaji wa mjini, ambaye naye ana watoto na kazi yake ni halali. Kwa hiyo mpaka hauko kati ya fedha na mikono. Wadhanio hivyo wamechora mpaka mahali pasipo pake.

Lakini tazameni tofauti nyingine. Kahawa ya yule baba ilikuwa kazi ya mikono yake kweli. Ila ilipogeuka kuwa zulia la kukodi, ilikaa kanisani saa sita, kisha ikaenda zake. Wahenga walisema ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Na kilichobaki katika nyumba ni deni. Mashuka yaliyodariziwa maua pembeni, pamoja na foronya zake, ambayo mama humfanyia binti yake. Kitambaa cha meza kilichofumwa kwa uzi mweupe. Kikapu, mkeka, chungu: hivi vyote hubaki. Siku ya tatu baada ya arusi vinatumika. Mwaka wa kumi vimechakaa, na mtoto aliyelala juu yake aambiwa, Huu alisuka Bibi fulani. Pambo la namna hii hukaa na wenye arusi. Lile jingine huwatembelea tu, nalo hudai nauli.

Tena twaona katika Kutoka jambo moja ambalo kamati zetu zingefaa kulisoma. Watu walileta sadaka zao kila asubuhi kwa ajili ya kazi ya hema, hata mafundi wakamwambia Musa ya kuwa vimezidi. Naye akatoa amri watu wakome kuleta. Ni kamati gani ya arusi kati yetu iliyowahi kutangaza ya kuwa michango imetosha? Sisi huanza na hesabu ya wale waliotutangulia, tukaongeza juu yake, ili tusichekwe. Hapo pambo limekoma kuwa furaha kwa ajili ya wawili hawa. Limekuwa jibu kwa jirani wa mwaka jana.

Sasa yako maneno ya watu wa tatu, na hapa sisi wapenda mambo ya kale yatupasa tujihadhari. Hawa husema: Turudi katika kazi za mikono tu, tuache vitu vya duka vyote. Uingereza alikuwako mtu mmoja, William Morris, aliyekufa mwaka 1896, ambaye alifundisha kwa bidii ya kuwa vitu vya nyumbani vifanywe kwa mikono ya mafundi wenye furaha, navyo viwe vya watu wote. Lakini kazi ya namna hiyo ilikuwa ghali, hivyo vitambaa na mazulia ya karakana yake viliingia zaidi katika nyumba za matajiri. Nia njema peke yake haikutosha.

Na kwetu huku, swali la kwanza ni hili: mikono ya nani? Mama wa Iyula huamka kabla ya jogoo, huteka maji, hulima, huchuma kahawa, hupika, huwaogesha watoto. Tukimwambia, Sasa darizi mashuka sita kwa ajili ya binti yako, kwa maana kazi ya mikono ni takatifu, je, tumemheshimu au tumemtwika? Twakumbuka pia ya kuwa zamani msichana asiyejua kusuka alisimangwa, akaambiwa hafai kuolewa. Wako wanawake katika sharika zetu ambao mpaka leo wakiona sindano hukumbuka kofi. Kazi ya mikono iliyotozwa kwa nguvu haina utakatifu zaidi ya zulia la kukodi. Yaweza hata kuwa mbaya zaidi, maana zulia halilii.

Wala kiburi hakikai dukani peke yake. Tumewaona watu wanaojisifu kwa unyenyekevu wa vitu vyao, wakitembeza wageni nyumbani na kusema, Sisi hatununui, sisi hutengeneza. Huyo naye amejivika dhahabu, ila dhahabu yake ni ya ukindu.

Basi tukisema ya kuwa mikono ifanye kazi, mikono yote ifanye. Wasomaji wa Mbozi wajua ya kuwa wazee wa Wanyiha walikuwa mafundi. Walichimba udongo wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa katika tanuri ndefu za udongo, wakafua majembe. Tena nguo za pamba zilifumwa katika nchi hii. Vitu vya dukani vilipofika kwa bei rahisi, kazi hizo zikafifia, nasi hatuwalaumu waliochoka kuvukuta. Hapa kwetu, juu ya kilima cha Marengi, kimelala kile kimondo ambacho habari zake zilienea ulimwenguni tangu mwaka 1930, bonge la chuma ambalo wataalamu hukisia uzito wake kuwa tani 16 hivi. Wageni huja kukitazama. Ni chuma kilichotoka juu pasipo jasho la mtu. Lakini chuma kilicholima mashamba ya wazee wetu kilitoka katika udongo wa nchi, kwa mikono ya wanaume waliokesha penye tanuri. Wanaume wa leo waseme basi, wao huleta nini katika arusi kwa mikono yao, zaidi ya kadi ya mchango?

Katika kufikiri hivi, tulikuwa tumechelewa kutenda neno moja lililotupasa kwanza. Mwisho tukaenda kwa Bibi. Tulimkuta amekaa nje akipukuchua mahindi. Tukamsalimu, tukaketi, tukamwambia ya kuwa tuliona mkeka wake ukipelekwa nyuma, tukanyamaza, nasi twaomba radhi. Tulidhani atasema juu ya rangi, au juu ya vijana wa siku hizi. Hakusema hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba Mchungaji, mkeka sikuuhuzunikia. Mkeka nitaulalia mimi. Nimehuzunika kwa kuwa hapana aliyeniuliza. Miezi miwili wote walipita hapa mlangoni, wakaniona ninasuka, wakanisalimu. Hapana hata mmoja aliyesema, Bibi, unasuka nini, nasi tumepanga hivi. Wangeniambia, ningesuka mweupe."

Ndugu, neno hilo, Ningesuka mweupe, lilitufundisha kuliko yote tuliyoyafikiri. Sisi tulikuwa tukipima mkeka na zulia, kipi ni bora. Yeye hakupima hivyo. Angekuwa tayari kubadili rangi, kubadili mahali, labda hata kutosuka kabisa. Alilolitaka ni kuwamo katika furaha ile, si kama mgeni aliyealikwa kula pilau, bali kama mmoja wa walioitengeneza.

Basi twajibu swali tuliloliuliza mwanzo, kwa kadiri tulivyopewa kuona. Wema wa kitu kilichofanywa kwa mkono haumo katika ukindu wala katika uzi. Umo katika hili, ya kuwa mtu mmoja anayejulikana alikaa siku nyingi akimfikiri mtu mwingine anayejulikana, na siku zile hazirudi. Mwenye fedha aweza kutoa fedha tena mwaka ujao. Mwenye macho yanayofifia hawezi kuyatoa mara ya pili. Kwa sababu hiyo kitu cha namna hii hakistahili kupimwa kwa rangi tu. Chastahili kupokelewa, au angalau mwenyewe aambiwe kweli mapema kwa heshima. Walio Uchagani wajua jani la isale. Mtu akimkosea mwenziwe huenda kwake nalo mkononi kuomba amani. Jani lenyewe huota penye mipaka ya mashamba, halina bei. Lakini aliyelikataa amekataa mtu, hakukataa jani. Na wahenga wamesema, Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Twaongeza ya kuwa kupokea nako ni moyo.

Na kitu cha kununuliwa kwaweza kuwa na wema huo huo. Kijana aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi ili amnunulie mama yake kitenge, naye amefikiri siku nyingi. Hatumnyimi heshima yake. Kilichokosa wema ni kile kilichokuja pasipo kumfikiri mtu awaye yote, ila macho ya watu.

Kwa hiyo twawashauri wazee wa kanisa na walimu mambo haya machache.

Kwanza, arusi inapoanza kupangwa, kabla ya kuhesabu fedha, ulizeni: Ni nani anayetengeneza kitu kwa ajili ya vijana hawa? Nendeni mlangoni kwake mkamsikilize. Ikiwa ni lazima rangi ziwe namna fulani, mwambieni wakati bado yuko penye ukili wa kwanza. Kazi hii haina gharama, nayo yaweza kumwokoa mtu na aibu.

Pili, pambeni kwanza kwa vile vilivyopo. Migomba miwili penye mlango, mianzi iliyopindwa kuwa tao, maua ya uani yaliyotiwa katika chungu cha Mkisi, vitambaa vilivyofumwa na akina mama vikatandikwa juu ya meza: haya yatosha kuonyesha ya kuwa siku hii si siku kama nyingine. Maua yaliyo hai yatanyauka jioni, wala si hasara, hakuna atakayetudai. Kikipungua kitu, ndipo kinunuliwe au kikodiwe kwa fedha iliyopo mkononi, si kwa kahawa isiyochanua.

Tatu, kazi isiwe ya mama mmoja usiku peke yake. Wakusanyike Jumamosi alasiri, wazee na vijana, wasichana na wavulana. Mwenye kujua kudarizi achore ua juu ya kitambaa na kumwonyesha asiyejua. Wavulana wapasue mianzi na kutengeneza viti. Asiyeweza kushona asichekwe. Apewe kuchana ukindu, au kuwasimulia wengine habari kazi inapoendelea. Na anayesema hana nafasi, asilazimishwe. Kazi ya upendo ikitozwa kama kodi, imekwisha kuwa kodi.

Nne, michango ikitosha, semeni imetosha. Musa hakuona haya kusema hivyo.

Pengine mtu atauliza, mkeka wa Bibi uko wapi sasa? Hatuna habari nzuri sana ya kuwapa. Bibi aliulalia, kama alivyosema. Wale vijana walikuja kumwona, baada ya baba kuwaeleza. Wakauomba, akawaambia ya kuwa umekwisha kuzoea mgongo wake. Wakacheka wote. Binti akaomba basi afundishwe kusuka, naye huja siku za Jumapili baada ya ibada, ingawa ukili wake, tulivyouona sisi, wapinda kama njia ya mbuzi. Deni la baba bado lipo. Mavuno haya yatapunguza nusu, Bwana akipenda.

Na katika arusi iliyofuata, hapo hapo mtaani, palikuwa na kitambaa kimoja juu ya meza ya madhabahu, kilichodariziwa na mdogo wake bwana arusi, mvulana wa miaka kumi na miwili. Njiwa wake alifanana zaidi na bata. Mtu mmoja wa kamati alinyosha mkono kukiondoa, akatutazama. Safari hii tulisema.

Bwana wetu mwenyewe, kabla ya kuanza kuhubiri, alikuwa seremala. Watu wa Nazareti walimjua kwa kazi hiyo. Alipoalikwa arusini Kana, nyumba ile ilikuwa imepungukiwa, naye hakuwaaibisha wenyeji mbele ya wageni. Na atujalie sisi nasi tusimwaibishe mtu ye yote aliyekuja na kazi ya mikono yake.

Amani iwe nanyi nyote.